Kujifua kuchukua historia ya mgonjwa kabla hujaingia wodini

Darasani tunasoma kwa Kiingereza, mgonjwa anaumwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo, mwanafunzi wa udaktari Tanzania, fanya mazoezi haya kwa Kiswahili tangu mwanzo.

1. Kaeni watatu: daktari, mgonjwa na mtazamaji mwenye kalamu. Mgonjwa apewe karatasi yenye ugonjwa wake na jambo moja atakaloficha mpaka aulizwe vizuri, mfano anachanganya mitishamba na vidonge vya presha.

2. Salamu kwanza. "Shikamoo mama, pole." Jitambulishe kuwa u mwanafunzi, omba ruhusa, uliza kilichomleta, kisha nyamaza. Mtazamaji ahesabu mara ulizomkatiza.

3. Hapa ndipo wengi tunapoangukia: usitafsiri mapema. Akisema "nina kifua", mara nyingi ana kikohozi. Mimi niliwahi kuandika maumivu ya kifua, daktari bingwa akanirudisha kitandani kuuliza upya. "Moyo unaniuma" nayo ina mambo. Mwombe aonyeshe kwa kidole. Akigusa chembe ya moyo, yaani juu ya tumbo chini kidogo ya kifua, fikiria vidonda vya tumbo, ila usiusahau moyo wenyewe, maana maumivu yake hujitokeza hapo pia. Na "homa" je? Ni joto la mwili, au anamaanisha malaria? Andika maneno yake kama alivyoyasema, Kiingereza kije baadaye.

4. Angalia saa. Maumivu yaliyoanza saa mbili usiku yaandikwe 20:00, si 02:00.

5. Magonjwa ya zamani, dawa, familia, kazi, pombe na sigara, pitia zote. Neno "mzio" (allergy) wengi hawalijui. Uliza kama kuna dawa ikimletea vipele au kuvimba.

6. Sasa eleza ugonjwa. Tuseme presha yake imepimwa mara kadhaa, na inacheza kwenye 170/100. Mwambie damu inasukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi, kama maji kwenye mpira uliobanwa, na mishipa ya ubongo, moyo na figo inachoka polepole bila yeye kuhisi lolote. Sisitiza hilo la mwisho, kwa sababu wengi huacha dawa kichwa kikiacha kuuma.

7. Usimalizie na "umeelewa?" Atakuitikia ndiyo kwa heshima tu. Uliza: "Ukifika nyumbani wakikuuliza daktari kasemaje, utawaambiaje?" Akijibu "kasema nipunguze mawazo", rudi hatua ya sita.