Kabla mzee wako hajaenda kutibiwa kifuko cha koo kwa kamera

Kwanza elewa kinachofanywa. Hicho kifuko, wanakiita cha Zenker, kinajitokeza nyuma ya koo pale juu kabisa umio, yaani njia ya chakula, unapoanzia, ju kuna msuli hapo unakataa kulegea mtu akimeza, sasa chakula badala ya kushuka kinaingia pembeni na kukaa. Siku hizi si lazima shingo ipasuliwe, kamera inapitia mdomoni na daktari anakata ule ukuta ulio kati ya kifuko na umio pamoja na huo msuli, inakuwa njia moja. Kifuko chenyewe hakitolewi, kwa hivyo usiulize mbona hujaonyeshwa kwa kopo.

Itisha picha ya bariamu mapema, ile eksirei ya kumezeshwa dawa nyeupe. Kamera ikiingia kwa kifuko na mtu hajui kiko, inaweza kutoboa. Na huku kwetu western Kenya mtu akisema chakula kinakwama tunawaza kansa, sawa, iko kweli, lakini pimeni, msikisie.

Dawa za kufanya damu iwe nyepesi, wafarini na zingine, mwambie daktari, usimwachishe mwenyewe. Meno ya bandia yatoke. SHA, ile bima ya afya ya serikali, inalipa ngapi, uliza kabla hujapanda matatu.

Sasa sikia hii. Baba tulimtoa Ahero, tukaambiwa asile kuanzia saa nne usiku, na hakula, mimi mwenyewe nililala na ufunguo wa jikoni. Asubuhi yuko kitandani, gauni ameshavaa, nesi akamgeuza kidogo, mzee akakohoa na wali ukatoka. Wali wa mchana wa jana! Punje nzima nzima, ungeweza kuzihesabu kwa ile shuka ya kijani. Nesi akaniangalia kama nimemlisha chooni. Kumbe tumbo lilikuwa tupu, kifuko ndicho kilikuwa kimejaa, na angepigwa usingizi vile, hiyo yote ingeshuka mapafuni. Daktari wa usingizi akakataa kabisa, tukarudishwa na nauli ya watu watatu imeenda. Mzee njiani ananiambia, "Si niliwaambia hapa niko na stoo?"

Mara ya pili alikaa siku mbili kwa vitu vya maji tu, chai ya rangi na supu iliyochujwa, vile daktari alisema. Wewe ulizia hiyo kabla, na daktari wa usingizi mwambie kwa mdomo wako kwamba chakula hurudi masaa mengi baadaye, usitegemee imeandikwa kwa faili.

Akitoka, anaanza na vya kunywa, halafu laini, ugali ungoje mpaka wamruhusu. Homa, kifua kuuma, ama shingo imevimba na ukiibonyeza inachakacha chini ya ngozi, rudisha mtu usiku huohuo, usingoje kliniki. Shida ya chakula kukwama inaweza kurudi pia, siku za mbele, kwa hivyo weka zile picha. Beba leso, beba kikombe chake, chaji simu, na mashangazi wakikuja kumwona na samaki wa kukaanga, pokea vizuri, kula wewe.