SOMO: Jinsi ya kuziona ngome za mto Rhine kwa meli, na zipi za kuingia ndani

Wakuu habari za saa hizi. Kuna watu wanalipa hela ndefu kwa zile safari za meli za mtoni huko Ulaya, wanasema wanaenda kuona ngome na makasri, wakirudi ukifungua simu yao picha zote ni sahani za msosi na selfi za kwenye kebini, maana ngome zenyewe zilipita wao wakiwa wanakula lunchi. Sasa mi ntaongelea kipande kimoja tu, Rhine ya kati pale Ujerumani, kuanzia Bingen na Rüdesheim mpaka Koblenz. Ni kilomita kama 65 hivi, UNESCO waliliingiza hilo bonde kwenye urithi wa dunia mwaka 2002, na kuna ngome kama 40, nyingine nzima nyingine magofu matupu. Msimamo wangu ni kwamba nyingi zitazame kutoka dekini, chagua moja au mbili za kuingia ndani, zilizobaki wala zisikuumize kichwa.

Hatua ya 1: Jua zilifuata nini pale

Zilifuata ushuru tu. Rhine ilikuwa ndo barabara kuu ya biashara, mvinyo, mbao, chumvi, kila kitu kinapita majini, kwa hiyo kila mkubwa aliyekuwa na kilima chake juu ya mto alijenga ngome na kusimamisha vyombo vinavyopita, lipa ndo upite, ukisogea kidogo unakutana na mwingine naye anataka chake. Pale Kaub utaona kijengo cheupe kiko katikati ya maji kama meli iliyotia nanga, kinaitwa Pfalzgrafenstein, kilianza kujengwa 1326 au 1327 na mfalme Ludwig wa Bavaria kwa kazi hiyo hiyo ya ushuru. Mnyororo ulivutwa kukatiza mto, hupiti mpaka ulipe. Na mchezo huo uliendelea mpaka miaka ya 1860, Waprusia (watu wa Prussia, dola ya Kijerumani ya enzi hizo) walipochukua eneo.

Alafu ujue na nani alizibomoa, maana usipojua utadhani ni uzee tu. Majeshi ya Louis XIV wa Ufaransa yalilipua nyingi mwaka 1689, na Wafaransa wa baadae, wale wa mapinduzi, wakaimalizia ngome ya Rheinfels miaka ya 1790. Karne ya 19 wakaja wana wa kifalme wa Prussia, wakanogewa na magofu, wakajenga upya vile walivyofikiria ngome ya zamani ilikuwaje. Kwa hiyo ukiona ngome imekaa kimapambo sana, ina vidirisha vya kupendeza na vimnara vimechongoka, hiyo mara nyingi ni ya 1820 na kitu au 1830 na kitu, sio ya enzi za mashujaa wa farasi. Ni nzuri bado, ila usidanganyike.

Hatua ya 2: Chagua aina ya meli

Kuna meli za wiki nzima, zile za Amsterdam mpaka Basel, unalala humo humo unakula humo humo. Na kuna meli za mchana, unakata tiketi gatini unapanda kama pantoni, unashuka mji unaotaka, baadae unarudi na treni. Kama tayari uko Ulaya kwa masomo au kazi, mi nakwambia wazi, chukua ya mchana. Reli zipo kingo zote mbili za mto, na ile tiketi ya mwezi ya Deutschlandticket (ilianza 2023 kwa euro 49, imeshapanda tangu hapo) inakubalika kwenye treni za mkoa, ila kwenye meli haifanyi kazi, meli unalipa kivyake.

Ya wiki ina raha yake ukiwa na wazazi, kwa sababu mizigo haihami. Kabla hujalipa uliza swali moja tu: mnapita kati ya Rüdesheim na Koblenz saa ngapi? Wakikwambia usiku, tafuta wengine.

Hatua ya 3: Kushuka au kupanda

Maji yanaelekea kaskazini. Ukitoka Rüdesheim kwenda Koblenz unashuka na maji, meli ya mchana inatumia karibu saa 4 hivi pamoja na vituo. Ukipanda kutoka Koblenz ni zaidi ya saa 6 maana meli inapigana na mkondo. Mwenye haraka ashuke, mwenye kamera nzuri apande.

Hatua ya 4: Soma namba za ukingoni

Hii ndo siri ambayo wengi hawaambiwi. Kwenye kingo za Rhine kuna mabao meupe makubwa yenye namba nyeusi, ni kilomita kuhesabu kutoka daraja la Konstanz kule juu, na ukiwa unashuka zinaongezeka. Huhitaji hata intaneti, andika kwenye karatasi hivi, kushoto na kulia ni kwa anayeshuka:

- 530 mnara mdogo kisiwani, Mäuseturm, karibu na Bingen
- 533 kushoto, Rheinstein, moja ya zile za wana wa wafalme
- 543 kushoto, Bacharach na ngome ya Stahleck juu yake
- 546 Pfalzgrafenstein katikati ya maji, na Gutenfels juu kilimani kulia
- 554 kwenda 555 kulia, mwamba wa Loreley, mita 132
- 556 na 557 Katz kulia, Rheinfels kushoto, kaa katikati ya deki
- 580 kulia, Marksburg
- 585 kushoto, Stolzenfels

Kutoka 543 mpaka 557 usiende hata chooni, maana zinakuja zinafuatana. Pale Loreley mto unabana na kujikunja kona kali mpaka meli zinaongozwa kwa taa za ishara zilizowekwa ukingoni, kwa sababu nahodha haoni anayekuja upande wa pili. Abiria wengi wanatazama mwamba, mi naona zitazameni hizo taa na majahazi ya mizigo yanavyopishana, ndo utaelewa kwa nini mabaharia wa zamani walipaogopa.

Hatua ya 5: Ingia ndani ya moja

Ukiwa na nafasi ya moja tu, ni Marksburg, mji wa Braubach. Ndo ngome pekee ya kilimani kwenye hiyo Rhine ya kati ambayo haikuwahi kubomolewa, na tangu 1900 iko chini ya chama cha Wajerumani cha kutunza ngome. Huingii kuzurura, unaingia na kundi na mwongozaji kwa kama dakika 50. Mlango wa kwanza ukishapita tu unakutana na ngazi zilizochongwa kwenye mwamba wenyewe, pana, hazilingani, zimeinama, zilikuwa za kupandia farasi, hapo ndo watu wanaanza kushikana mikono. Juu kuna jiko lenye tanuri la ukutani ambalo mtu anasimama ndani, kuna ukumbi wa mabwana na choo chake kimening'inia nje ya ukuta, chini yake ni hewa tu, na kwenye zizi la zamani la farasi wameweka vyombo vya mateso ambavyo watoto wanavipenda kuliko wazazi wanavyotaka.

Ukiwa na nafasi ya pili, nenda Stolzenfels uone tofauti. Hii ilikuwa gofu tangu 1689, mji wa Koblenz ukampa mwana wa mfalme wa Prussia mwaka 1823, akaigeuza kuwa nyumba ya starehe, na malkia Victoria wa Uingereza alifika hapo 1845. Mlangoni unapewa slipa kubwa za kitambaa kizito unavaa juu ya viatu vyako, basi mnatembea mnateleza kimya kimya huku mnapiga deki sakafu ya wenyewe bila kulipwa.

Katz msijisumbue, ni mali ya mtu binafsi, haiingiliki.

Hatua ya 6: Vitu vidogo

Viatu vya soli ya mpira, hili halina mjadala. Msimu mzuri ni Aprili mpaka Oktoba, wakati wa baridi meli za mchana zinapungua sana na baadhi ya ngome zinafunga, kadhaa zinafunga pia kila Jumatatu. Pfalzgrafenstein inafikiwa kwa boti ndogo kutoka Kaub, ndani hamna umeme wala choo, malizeni haja zenu mjini kabla ya kuvuka.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Mombasa: Hizi zinaizidi nini Fort Jesus yetu?

Ni kazi tofauti mkuu. Fort Jesus Wareno waliijenga 1593 wakati mizinga ishatawala, ndo maana kuta zake ni nene na pembe zimetokeza nje ili kila upande ulindwe kwa mizinga. Hizi za Rhine nyingi ni za miaka ya 1100 mpaka 1300, kabla ya mizinga, wao walitegemea urefu wa kilima na mnara. Ukitaka ya kulinganisha nenda Rheinfels, ilianza 1245 ila baadae iliongezewa maboma ya kupambana na mizinga mpaka ikawa kubwa kuliko zote hapo, na mwaka 1692 jeshi la Louis XIV liliizingira likashindwa.

Mdau, Dodoma: Nina mama ana magoti mabovu, atafaidi kweli?

Atafaidi sana akiwa dekini, Marksburg usimpeleke. Mwambie akae kwenye kiti deki ya juu, kwenye hicho kipande chote mpaka Koblenz hamna daraja hata moja la kukatiza mto, kwa hiyo hakuna cha kufunga deki kwa sababu ya kupita chini ya daraja. Uliza tu kama meli ina lifti ya kufika juu, sio zote zinayo. Na ujue meli za mtoni zinapofunga gati saa ingine zinalala ubavu kwa ubavu, unavuka ndani ya meli ya jirani ndo ufike nchi kavu.

Mdau, Nairobi: Viza inakuwaje, nchi zote hizo?

Amsterdam mpaka Basel ni Uholanzi, Ujerumani, Ufaransa na Uswisi, zote Schengen, viza ni moja, unaombea nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima iwe ya angalau euro 30,000. Mnaruhusiwa kuomba mpaka miezi 6 kabla, ombeni mapema. Kasheshe iko kwenye safari za mto Danube ukishuka mpaka Serbia, hapo unatoka Schengen na kuingia tena, kwa hiyo hakikisha viza yako ni ya kuingia zaidi ya mara moja.

Mdau, Arusha: Nimesikia mto unakauka na watu wanapandishwa mabasi, ni kweli?

Hutokea, hasa mwisho wa kiangazi na vuli. Kipimo cha maji wanachokiangalia wote ni cha Kaub, Oktoba 2018 kilishuka mpaka sentimita 25. Hiyo namba sio kina chenyewe cha njia ya meli, njia ina zaidi ya mita moja juu ya hapo, ila kwa meli kubwa ni balaa. Na mafuriko nayo yanafunga mto kabisa. Soma mkataba wako unasemaje wakikuhamishia kwenye basi, na ukiweza epuka Septemba na Oktoba, chukua Mei au Juni.

Mdau, Bujumbura: Kuna ya kulala ndani kwa bei ya mwanafunzi?

Ipo, ile Stahleck ya Bacharach ni hosteli ya vijana, mnalala vyumba vya kuchangia, ila unatakiwa uwe na uanachama wa hizo hosteli. Kutoka stesheni unapanda kilima kwa miguu na begi lako, kwa hiyo beba kidogo. Wenye hela kuna Schönburg pale Oberwesel, hiyo ni hoteli ya kifahari, bei yake kaangalie mwenyewe ukiwa umekaa.