Nyumba kuukuu jijini Nairobi: kuikarabati, kuiongeza au kuibomoa

Mwenye nyumba kuukuu Nairobi, iwe ni ile ya mawe yenye paa la vigae huko Pangani au ile ya ghorofa moja iliyojengwa Buruburu katika miaka ya 1970, huanza kuwaza kutoka jikoni: jiko ni dogo, watoto wamekua, bafu limechakaa, na jirani amekwisha kuongeza vyumba viwili. Kisha huitwa fundi, naye fundi hujibu swali aliloulizwa, yaani bei ya jiko. Mimi ninashauri jiko liachwe hadi mwisho kabisa, kwa kuwa yanayokata shauri ni hati ya ardhi, udongo ulio chini ya msingi na njia ambayo maji huipita nyumba hiyo wakati wa mvua.

Anza na hati. Sehemu kubwa ya ardhi ya Nairobi imekodishwa kwa miaka maalumu, nyingi kwa miaka 99, na nyumba inapokuwa kuukuu huenda kipindi hicho nacho kimekaribia kwisha. Fanya upekuzi wa hati kupitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa huduma za ardhi ambao serikali iliuzindua mwaka 2021 na kuanza kuutumia Nairobi, kisha usome masharti yaliyoandikwa humo, kwa sababu baadhi ya hati huruhusu makao ya familia moja tu, na nyumba za kupangisha haziwezi kujengwa hapo kabla ya kuomba kubadilisha matumizi ya ardhi. Ikiwa imebaki miaka kumi na kitu, omba kuongezewa muda kwanza. Kupaka rangi na kurekebisha paa kunaweza kuendelea, lakini kubomoa na kujenga upya kusubiri.

Jambo jingine hutajwa kwa shingo upande katika familia nyingi: hati bado ina jina la marehemu baba. Kaka au dada anayemimina akiba yake katika nyumba ambayo mirathi yake haijathibitishwa mahakamani anajenga kwenye mali ya warithi wote, na siku ya kugawana huenda akarudishiwa shukrani badala ya fedha. Maliza mirathi, au angalau pateni makubaliano ya maandishi mbele ya wakili, kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kushushwa langoni.

Kuhusu vibali, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inakataza uendelezaji bila idhini ya kaunti, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kubadilisha vigae vya sakafu hakumsumbui mtu, lakini kuongeza chumba, kuongeza ghorofa au kuondoa ukuta unaobeba uzito kunahitaji michoro ya msanifu majengo na mhandisi waliosajiliwa, kibali cha kaunti na mradi kuandikishwa katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Fahamu pia kwamba kanuni za ujenzi za mwaka 1968, ambazo nyumba nyingi za jiji zilijengwa chini yake, zimechukuliwa nafasi na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024, kwa hiyo mchoro wa zamani uliohifadhiwa kabatini ni ushahidi mzuri wa kilichojengwa, ila hauwezi kuwasilishwa tena kama ulivyo. Nyumba iliyo kando ya mto ina habari yake: baada ya mafuriko ya mwaka 2024 serikali iliwaamuru walioishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na mtu aliye katika ukanda huo asipanue chochote kabla ya kujua mpaka wake unapita wapi.

Sasa tuje kwenye udongo, ambako ndiko ninakotaka ukae zaidi. Kwa jumla, upande wa magharibi na kaskazini mwa jiji una udongo mwekundu uliotulia, ilhali South B, South C, Embakasi na sehemu kubwa ya Eastlands zimekalia udongo mweusi unaonata, ambao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Nyumba iliyowekwa juu ya udongo huo bila msingi kufikishwa kwenye murramu au mwamba hupanda na kushuka kila mwaka, polepole, na kila kona ya dirisha huonyesha alama zake kwa nyufa zinazokwenda mshazari. Methali ya kuziba ufa inajulikana na kila mtu, lakini hapa kuuziba mapema kunaweza kuwa kosa. Ukijaza saruji ngumu katika ufa uliopanuka wakati wa kiangazi, ukuta hukosa nafasi ya kurudi mvua zinapofika, na ufa mpya hufunguka pembeni.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote, itazame nyumba kwa msimu mzima. Mwezi Februari, kabla ya masika, chora kwa penseli mstari mfupi kila upande wa ufa, pima umbali wa mistari hiyo kwa rula, andika tarehe ukutani penyewe, na upime tena kila baada ya wiki mbili hadi mwisho wa Juni. Ufa usiobadilika, hata kama unatisha macho, mara nyingi ni kovu la zamani; ufa mwembamba unaofunguka na kufunga ndio wa kuchunguzwa. Nyufa zisizozidi milimita tano kwa kawaida hutengenezeka bila kugusa msingi, zikipita hapo mhandisi aitwe, na zikifika milimita kumi na tano huku milango ikikataa kufunga, hesabu ya kubomoa inaanza kuwa na maana. Chimba pia shimo moja au mawili kando ya ukuta, mahali ambapo nyufa ni mbaya zaidi, ili uone kwa macho yako msingi unaishia wapi na umekalia nini. Vibarua wawili hulimaliza shimo hilo kwa siku moja, na hakuna malipo katika mradi mzima yatakayokufundisha mengi zaidi.

Mara nyingi utakachogundua ni maji. Nyumba ya wazazi wangu huko South B ilihukumiwa kubomolewa na fundi mmoja aliyeona ukuta wa chumba cha nyuma umepasuka kutoka sakafuni hadi darini. Tulipochimba tulikuta bomba la maji machafu limevunjika, na gata la paa limekuwa likimwaga maji mahali palepale kwa miaka mingi. Tulibadilisha bomba, tukaweka mtaro wa zege kuizunguka nyumba, tukasubiri misimu miwili, na ukuta ukatulia. Mti mkubwa ulio karibu na ukuta unaweza kuleta matokeo kama hayo kwa kunyonya maji ya udongo upande mmoja; lakini usiukate ghafla bila ushauri, kwa sababu udongo uliozoea ukavu utavimba.

Msingi ukiwa mzima, tazama yaliyojificha. Nyumba nyingi za zamani ziliezekwa kwa mabati ya asbesto, ambayo hayapaswi kuvunjwa kwa nyundo wala kukatwa kwa msumeno, kwani vumbi lake huingia mapafuni na kuleta maradhi yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Asbesto ni taka hatari kisheria, na huondolewa na watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Gharama hiyo itakufuata uwe unakarabati au unabomoa, basi iandike katika kila hesabu. Mabomba ya chuma yaliyoota kutu ndani na nyaya za umeme zisizo na waya wa ardhini hubadilishwa zote kwa pamoja, na fundi umeme awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati. Unyevu unaopanda ukutani una mtego wake: katika kuta za mawe zisizo na tabaka la kuzuia unyevu, lile ambalo mafundi huliita DPC, kupiga plasta nzito ya saruji huyafungia maji ndani na kuyapandisha juu zaidi, hata rangi ikabanduka karibu na dirisha.

Kuongeza huonekana kuwa njia ya kati, lakini kwa maoni yangu ndiyo inayohitaji tahadhari kuliko zote. Nyumba kuukuu imekwisha kukaa chini kwa miaka arobaini, ilhali chumba kipya ndicho kwanza kinaanza kushuka, na ukivifunga pamoja kwa mawe na saruji vitapasuka pale vinapokutana. Mhandisi mzuri ataacha mwanya kati yake, utakaofunikwa kwa kitu kinachonyumbulika, na ataufikisha msingi mpya kwenye tabaka lilelile imara. Tafuta mashimo ya maji taka kabla ya kuchora, maana katika mitaa iliyopangwa njia ya maji taka hupita katika ploti za watu kadhaa, na chumba kilichojengwa juu ya shimo hilo ni ugomvi na majirani kila linapoziba. Angalia na mwanga: nyumba kadhaa zimeongezwa mbele mpaka sebule ya awali ikabaki na dirisha linalotazama ukuta, taa ikiwaka tangu asubuhi.

Kuongeza ghorofa juu ya nyumba ya chini ni mzigo ambao msingi wake haukuandaliwa. Kama michoro ya awali haipo, zege na mawe vipimwe maabara na mhandisi atie sahihi kwenye hesabu zake. Jibu linaloweza kutoka ni kwamba nguzo mpya zenye misingi yake zipenye katikati ya nyumba, na hapo bei hukaribia kujenga upya huku ukibaki na vyumba vya chini visivyo na mpangilio mzuri.

Ukishajua hayo, mwombe mkadiriaji majenzi akuandalie hesabu tatu, ya kukarabati, ya kuongeza na ya kujenga upya, za nyumba yenye ukubwa uleule, kila moja ikiwa na kodi ya mahali mtakapoishi wakati wa kazi, kubeba kifusi, ada za vibali, matangi ya maji, ambayo nyumba za zamani hazikutengewa nafasi, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 pale inapotozwa. Kwa ukarabati mimi huongeza moja ya tano kwa yasiyoonekana, na kwa jengo jipya moja ya kumi. Ikiwa ukarabati unavuka theluthi mbili za bei ya kujenga upya na msingi nao ni mbovu, ningebomoa. Msingi ukiwa mzuri na kuta zikiwa za mawe yaliyochongwa vizuri, ningeendelea kukarabati hata hesabu ikikaribia hapo, kwa kuwa kazi ya kukarabati inaweza kufanywa chumba kwa chumba kadiri fedha zinavyopatikana, ilhali jengo jipya lililokwama kwenye lenta halilali mtu.

Kazi yoyote ya kufungua paa ipangwe Januari na Februari, au kati ya Julai na Septemba, ili mvua za masika na za vuli zisikukute na dari wazi. Na ikiwa umeamua kubomoa, andika katika mkataba nani atachukua nini, kwa sababu mbomoaji hupunguza bei akitumaini kubeba mawe, vigae, milango ya mbao ngumu na madirisha ya chuma, na mwenye nyumba asiyesema lolote hununua vitu vya aina hiyo hiyo baadaye kwa bei ya duka. Yahesabu mawe kabla ya lori kuingia, na yapangwe upande ambao mchoro mpya hauugusi.