Kabla hujaunganisha LFO ya sinthesaiza yako: mambo ya kuzingatia

LFO, yaani osileta (saketi inayozalisha wimbi la umeme linalojirudia) ya masafa ya chini, haisikiki. Sikio la mtu huanza kusikia karibu Hz 20, na LFO hufanya kazi yake chini ya hapo. Unachosikia ni kile inachokitikisa: ukiipeleka kwenye osileta ya sauti, noti inayumba, ukiipeleka kwenye filta, sauti inafunguka na kufunga, ukiipeleka kwenye ampu, sauti inapanda na kushuka. Kwa hiyo kabla ya kununua hata rezista moja, jiulize utaionaje.

Wengi hukimbilia kuchomeka waya kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta na kufungua programu ya kurekodi. Hapo utadanganyika. Tundu hilo lina kapasita mlangoni inayozuia umeme unaobadilika polepole, hivyo mawimbi yako ya mraba yatatokea kama miiba inayozama, nawe utaanza kutafuta kosa ambalo halipo. Osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi kwenye skrini, nayo ina mtego huohuo ikiwa imewekwa AC, iweke DC. Kama huna osiloskopu, tafuta mita ya mshale, ile ambayo mafundi redio wengi bado wanayo. Mita ya tarakimu hurukaruka namba zisizosomeka, lakini mshale unafuata wimbi kwa macho yako. Waya mweusi usiuweke kwenye graundi, uweke kwenye hasi ya umeme, ili mshale usigonge chini ya sifuri. Ukitumia umeme wa V +12 na −12, wimbi linalokwenda kati ya −5 na +5 litaonekana likipanda na kushuka kati ya V 7 na V 17.

Jambo la pili ni umeme wenyewe. LFO ya opampu (kikuza voltiji kilichomo ndani ya aisi, yaani chipu) inataka pande mbili, chanya na hasi, na graundi katikati. Kwa majaribio, betri mbili za V 9 zilizofungwa mfululizo zinatosha kabisa: maungio yao ya katikati ndiyo graundi yako. Ni tulivu, hazina kelele za chaja, na ukikosea waya hasara ni ndogo. Kwa mfumo wa Eurorack, yaani sinthesaiza ya moduli zinazofungwa kwenye fremu moja, unaotumia V 12 pande zote mbili, kumbuka kwamba mstari mwekundu wa kebo bapa ni upande wa −12. Aisi ikigeuziwa umeme haisubiri uombe radhi.

Sasa saketi. Ipo ya aisi ya 555, ambayo Hans Camenzind aliibuni mwaka 1971, na ipo ya 40106, ambapo rezista moja na kapasita moja kwa kila geti (sehemu moja ya aisi) vinakupa osileta sita kwenye aisi moja. Zote ni rahisi, na kama unachotaka ni mraba tu, chukua 40106 uendelee na maisha yako. Ila wimbi lake la pembetatu limepinda na ukiigusa na mzigo inaharibika. Kwa LFO ya kwanza ya kudumu, mimi ningechagua TL072, ambayo ina opampu mbili ndani ya aisi moja: ya kwanza ni integreta inayopandisha na kushusha voltiji taratibu, ya pili ni kilinganishi kinachogeuza mwelekeo kila mpaka unapofikiwa.

Fanya hesabu kwenye karatasi kwanza. Tuseme rezista inayotoka pembetatu kwenda kwenye mlango chanya wa kilinganishi ni k 47 (kiloohmu 47), na ile inayorudi kutoka kwenye mraba ni k 100. Kwenye umeme wa V 12, TL072 haifiki ukingoni. Inaishia karibu V 10.5. Zidisha 10.5 kwa 47, gawa kwa 100, unapata pembetatu ya V 5 hivi kila upande, kiasi kinachofaa moduli nyingi. Kwenye betri za V 9 pembetatu itapungua, lakini kasi haibadiliki, kwa sababu kasi inategemea rezista na kapasita tu. Integreta ikiwa na kapasita ya µF 1 na kitasa (rezista inayobadilishwa kwa kuzungusha) cha M 1, yaani megaohmu 1, pamoja na rezista ya k 47, kasi inaanzia karibu Hz 0.5 na kufika Hz 11.

Hapo kwenye kitasa simama kidogo. Kitasa chenye herufi B, kinachopanda sawasawa, kitakuudhi. Nusu nzima ya mzunguko inakutoa Hz 0.5 hadi Hz 1 tu, halafu sehemu ya kumi ya mwisho inaruka kutoka Hz 3.6 hadi 11, ukigusa kidogo imeshapita. Tafuta cha herufi C, kinachobadilika haraka mwanzoni na polepole mwishoni. Kikikosekana madukani, na mara nyingi hukosekana, chukua A, ambacho mpangilio wake ni kinyume cha huo, na ukiunge kinyume. Kitafanya kazi kwa kuzungusha upande wa pili.

Kapasita iwe ya filamu, imeandikwa 105, yaani µF 1. Usiweke ya elektroliti: ina chanya na hasi, na hapa voltiji inapita pande zote mbili, tena huvuja umeme. Na soma namba vizuri. Ukiweka 104 badala ya 105, LFO yako itakwenda mara kumi zaidi, na kitasa kikiwa juu LED, taa ndogo ya kuonyesha mraba, itaonekana inawaka bila kuzima, nawe utasema imekufa.

Kosa hilo linaweza kugeuzwa kuwa kipimo. Weka kwa muda kapasita ya 103, yaani nF 10. Kasi inazidishwa mara 100, LFO inapanda hadi eneo la Hz 50 hadi 1,100, na unaweza kuisikiliza kwenye spika yenye ampu. Ikilia, saketi ni nzima, rudisha 105. Ikinyamaza, anza na mita kwenye pini ya 8 na ya 4 za TL072 uhakikishe umeme unafika juu ya pini yenyewe, maana bredibodi (mbao za majaribio zisizochomelewa) zina mashimo yaliyolegea. Kisha pima tokeo la mraba na tokeo la pembetatu. Mraba umeganda V +10.5 na pembetatu imeganda −10.5? Integreta imefanya kazi yake, kilinganishi ndicho kimegoma, na mara nyingi ni zile k 47 na k 100 zimebadilishana: sasa pembetatu inatakiwa kufika V 22 ndipo igeuke, na haiwezi. Pembetatu ikikaa sifuri huku mraba umeganda, umeme hauingii kwenye integreta. Angalia mguu wa katikati wa kitasa.

Kelele ya tiki-tiki kwenye spika jiandae nayo mapema, kwa sababu kuiondoa baada ya kuchomelea ni taabu. Inatoka kwenye ncha kali za mraba na kwenye LED inayovuta mkondo kwa ghafla. Weka kapasita ya nF 100 karibu kabisa na pini za umeme za kila aisi, waya wa graundi wa LED urudi moja kwa moja kwenye chanzo cha umeme, na opampu ya ziada iliyobaki kwenye aisi ya sauti usiitumie kwa LFO hata kama inakutamanisha.

Mwisho ni matundu. Kila tokeo lipitie rezista ya k 1, kwa kuwa plagi ya mm 3.5 inapoingia hugusisha ncha na graundi na kupiga shoti. Na kama mraba huo utaelekea kwenye Arduino (kompyuta ndogo ya bodi moja), usiuunge hivihivi: V −10.5 kwenye pini yake ni kifo. Weka rezista ya k 22 na dayodi mbili (zinazopitisha umeme upande mmoja tu), moja ikielekea V 5 na nyingine ikitoka graundi, kabla ya pini.