Namna ya Kuandaa Jioni ya Filamu Kuhusu Mwigizaji Msaidizi wa Miaka ya 1930

Ikiwa kikundi chenu cha Moshi au Arusha kinataka kuonyesha filamu za sauti za mwanzo, msianze na nyota ambao picha zao zilijaza mabango. Chagueni mwigizaji msaidizi mmoja na mfuatilie kazi yake. Mimi ningemchagua Louise Beavers, mzaliwa wa Cincinnati aliyekulia California, ambaye kabla ya kuigiza alikuwa mtumishi wa mwigizaji Leatrice Joy.

Pangeni kwanza filamu zake kwa miaka. Msitegemee orodha ya waigizaji inayoonyeshwa kwenye filamu peke yake, kwa sababu studio za Hollywood mara nyingi hazikuandika majina ya waliopewa nafasi ndogo, hasa waigizaji weusi.

Kinachohitaji muda zaidi ni sauti. Chukueni sehemu fupi ya She Done Him Wrong ya 1933, ambamo Beavers ni mtumishi wa Mae West, na nyingine ya Imitation of Life ya 1934, kisha funikeni lenzi ya projekta ili watu wasikilize tu. Waelezeni kwamba lafudhi ya watu weusi wa kusini mwa Marekani haikuwa yake ya kuzaliwa, bali alilazimika kujifunza. Jambo hilo linambadilisha kabisa mbele ya msikilizaji, kwa kuwa kile kilichodhaniwa kuwa ni tabia yake kinaonekana kuwa ni ufundi. Baada ya hapo onyesheni, bila sauti, mahali katika Imitation of Life ambapo Delilah, mhusika anayeigizwa na Beavers, anaombwa atabasamu kwa ajili ya bango la biashara ya chapati, naye analishikilia tabasamu hilo usoni. Rudieni sehemu hiyo. Naiona kuwa nzito kuliko hotuba yoyote iliyomo katika filamu hiyo.

Katika vibanda vyetu vya video tumezoea msimulizi anayezungumza juu ya filamu. Safari hii msimulizi aeleze kisa kwa Kiswahili kabla ya kila sehemu, kisha anyamaze, maana sauti ya mwigizaji ndiyo tuliyokuja kuichunguza.

Mtu akiuliza kwa nini Beavers hakupata Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa kazi ile ya 1934, jibu ni kwamba tuzo hiyo haikuwapo. Ilianza na filamu za 1936. Mweusi wa kwanza kuipata alikuwa Hattie McDaniel, mwaka 1940, na usiku huo katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles, aliketishwa kwenye meza iliyotengwa na ya waigizaji wenzake.

Malizieni na The Jackie Robinson Story ya 1950, ambamo Beavers ni mama wa mchezaji huyo wa besiboli, na muwaombe watazamaji waeleze kilichobadilika katika usemaji wake tangu 1933.