Kuseti kabureta ya Zenith kwenye Land Rover ya zamani, Tabora

Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, ikipanda kutoka Dar es Salaam hadi Tabora huanza kunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Mwinuko unachangia: Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) iliyosetiwa pwani inazidisha petroli. Lakini mara nyingi ugonjwa mkubwa umo ndani ya kabureta yenyewe.

Bisibisi ikae kwanza. Pima mwanya wa pointi za distributa (kigawa umeme kwa plagi), uwe milimita 0.35 hadi 0.40, wa plagi 0.75 hadi 0.80. Kabureta nyingi husingiziwa makosa ya pointi. Angalia na chujio la hewa la oili: kiangazi, kwenye njia za mashamba ya tumbaku, oili yake hugeuka tope na injini hukosa pumzi. Osha, jaza oili mpya hadi kwenye alama, basi.

Sasa fungua Zenith 36 IV. Kifuniko chake hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, na oringi (pete ya mpira) iliyo chini yake hukakamaa. Petroli hupenya hapo bila kupimwa na jeti (kitundu kinachopima petroli), nawe utazungusha skrubu hadi jioni bila sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, kutulia. Simamisha rula ya chuma kwenye uso wa kifuniko, tazama kuelekea juani: mwanga ukipita katikati, kimepinda. Laza msasa laini juu ya kioo kinene, sugua kifuniko polepole mpaka uso mzima ung'ae sawasawa. Fanya hivyohivyo kwa uso unaokutana nacho. Weka oringi mpya. Ya zamani usiirudishe hata kama inaonekana nzima. Jeti zipulize kwa upepo. Waya hupanua tundu, na tundu likishapanuka jeti imekufa.

Skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu hadi iguse, bila kuikaza, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Washa, injini ipate moto, choki irudi yote. Funga skrubu robo mzunguko, subiri injini iitikie, endelea hivyo hadi ianze kusita. Kisha ifungue mpaka izunguke laini. Mzunguko ukipanda, ushushe kwa skrubu ya kipepeo (kibao kinachofungua hewa ndani ya kabureta) hadi 500 au 600 kwa dakika, urudie mchanganyiko. Injini isipoitikia kabisa, paka maji ya sabuni kwenye gasketi ya chini ya kabureta: sauti ikibadilika, hewa inaingia hapo.

Skrubu ya mchanganyiko inatawala sailensa tu. Endesha kilomita 10, zima, toa plagi. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Zikiwa nyeusi wakati sailensa ni safi, tafuta jeti kuu ndogo zaidi. Nyeupe ni njaa ya petroli, na valvu zitaungua. Kwa hiyo aliyepunguza jeti Tabora azikague plagi tena akifika Kigoma, kwani kule ziwani ni mita 770 hivi na hewa ni nzito zaidi.