Wasifu wa mwalimu mstaafu: usiishie siku aliyostaafu

Wasifu mwingi wa walimu unaosomwa misibani Tanzania una njia moja: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alihamishwa, alistaafu, aliugua, akafariki. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60. Aliyefariki na miaka 82 basi ana miaka 22 ambayo hupewa mstari mmoja: "alipenda kushirikiana na jamii." Kama ndiyo miaka aliyofundisha kisomo cha watu wazima, akashika daftari la VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) na kusimamia kamati ya maji, mstari huo haumtoshi hata kidogo.

Anzeni na sanduku la vyeti. Barua ya ajira, barua za uhamisho na barua ya kustaafu zitawapa majina ya shule na miaka bila kubishana. Tatizo huwa tarehe ya kuzaliwa, hasa kwa wazee: kadi ya ubatizo inasema hivi, faili la ajira linasema vile. Chagueni moja, ile itakayoingia kwenye cheti cha kifo, na ifanane kwenye wasifu, tangazo na kibao cha kaburi.

Kama aliingia kazini kwa mpango wa UPE (elimu ya msingi kwa wote) uliofuata Azimio la Musoma la 1974, semeni hivyo. Vijana waliomaliza darasa la saba walishika chaki huku wakisomea ualimu kazini. Baadhi ya familia huficha jambo hilo kwa kuandika "alihitimu chuo cha ualimu", na wenzake wa enzi hizo wamekaa mstari wa mbele wanasikia.

Sehemu ya kujitolea msiiandike kwa kuuliza nyumbani tu. Familia inajua alikuwa akitoka jioni. Alikokwenda wanakujua wengine. Mtafuteni mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, katibu wa kikundi, kiongozi wa jumuiya au imamu, na mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Kila mmoja aulizwe mambo matatu: alifanya nini hasa, tangu lini mpaka lini, na kipi kipo leo kwa sababu ya kazi ile. Majibu yakija, futeni sifa na muache vitendo. "Alithamini elimu" haimwambii mtu kitu. "Kila Jumamosi saa nane mchana alifundisha kisomo nje ya ofisi ya kijiji, na kina mama wanne wa darasa lile leo wanasaini majina yao badala ya kuweka dole gumba" inatosha bila kuongeza neno. Na hayo "maelfu ya wanafunzi" yaacheni, maana hakuna aliyewahesabu.

Kwa kipaza sauti, msomaji asiye na haraka husoma kama maneno 100 kwa dakika. Dakika tano ni maneno 500: kuzaliwa na familia 90, ajira 130, kazi za jamii 220, ugonjwa na kifo 40, yanayobaki ni shukrani. Watoto watajwe kwa majina, wajukuu kwa idadi. Orodha ya watoto ipitishwe na mzee wa ukoo usiku wa kuamkia mazishi, kwa sababu jina lililorukwa, hasa la mtoto wa mama mwingine, huzua ugomvi palepale. Jina la ugonjwa lisisomwe bila idhini ya mjane au mgane. Asome mtu mwenye sauti asiye wa damu, mwanafunzi wake wa zamani kwa mfano. Mtoto wa marehemu mara nyingi hukwama katikati. Chapisheni nakala mbili kwa herufi kubwa, moja ishikwe na mwongoza ratiba.

Kwa msiba wa Kiislamu maziko hayangoji, hivyo wasifu mrefu uwekwe siku ya hitma au arobaini. Kwa kweli hapo mnapata nafasi ya kuuliza watu vizuri zaidi.

Kuna jambo linalosahaulika: vitu vya watu vilivyobaki chumbani kwake. Sanduku la VICOBA kwa kawaida lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu. Kama mmoja wao ni yeye, kikao kijacho hakifunguki. Baada ya kuanua matanga, katibu aende na shahidi, vitu viorodheshwe (ufunguo, daftari, muhuri, vitabu vya kisomo), na mjane, katibu na mwenyekiti wasaini karatasi hiyo. Pesa za kikundi zilizo kwenye simu yake zisitolewe kwa namba yake ya siri hata kama mwanawe anaijua. Laini ina jina la marehemu, na fedha ikitoka baada ya kifo ndugu wengine watauliza imekwenda wapi. Nendeni ofisi ya mtandao husika na cheti cha kifo, pamoja na muhtasari wa kikao cha kikundi unaoonyesha kiasi kilichokuwemo.